ADOLPHE PINARD: MGANGA ALIYETEGA SIKIO KWA WASIOZALIWA

Askari aliyepata kushika lindo usiku anajua kwamba sikio hutangulia jicho. Kabla adui hajaonekana husikika: kijiti kilichovunjika, mbwa aliyenyamaza ghafla, hatua za mtu asiyekuwa mwenzetu. Kwa sababu hiyo kila kuruta hufundishwa kunyamaza kwanza, kisha kusikiliza, kisha kuamua. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba iko kazi nyingine yenye msingi huo huo, nayo hufanywa kila asubuhi na watu wasiobeba silaha. Hiyo ni kazi ya mkunga anapotega sikio juu ya tumbo la mama mjamzito ili ausikie moyo wa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Mjini Juba, kando ya mto Nile Nyeupe, kazi hiyo hufanyika katika vyumba vidogo vya kliniki za waja wazito huku jenereta zikinguruma nje na pikipiki za abiria zikipita. Mkunga humlaza mama kitandani, hulipapasa tumbo lake kwa viganja viwili, kisha husimamisha juu yake pembe fupi ya mti, ya plastiki au ya alumini, yenye urefu unaokaribia shibiri moja. Huinama, huweka sikio kwenye ncha ya juu, huondoa mkono wake kwenye pembe na kuitazama saa. Kwa muda wa dakika moja kila aliye chumbani hunyamaza. Pembe hiyo haina waya wala betri, na umeme ukikatika kazi yake haikatiki.

Chombo hicho huitwa pembe ya Pinard, kwa jina la Adolphe Pinard, mganga wa Kifaransa aliyekitengeneza mwaka 1895. Habari za maisha yake zafaa kujulikana na kila askari na kila polisi, hasa yule ambaye mkewe ni mjamzito ilhali yeye yuko zamu mbali na nyumbani.

WALIOMTANGULIA

Pinard hakuwa mtu wa kwanza kuusikia moyo wa mtoto tumboni. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, mganga René Laennec alikuwa akimpima mwanamke kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ya siku zile ilikuwa mganga kulaza sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa, na kwa mwanamke yule jambo hilo halikuwa la adabu. Laennec akakunja karatasi zikawa mfano wa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, akastaajabu kuyasikia mapigo kwa uwazi kuliko alivyopata kuyasikia kabla. Baada ya karatasi kikaja chombo cha mti, na kutokana na chombo hicho vikatoka vipimio vyote ambavyo waganga huvining'iniza shingoni hata leo.

Miaka miwili baadaye mganga wa Geneva, François Mayor, aliarifu kwamba ukilaza sikio juu ya tumbo la mama aliyekaribia kujifungua waweza kujua kama mtoto yu hai. Habari hiyo haikuenea sana. Kisha mwaka 1821 Jacques-Alexandre Le Jumeau de Kergaradec, mfuasi wa Laennec, aliweka chombo juu ya tumbo la mjamzito akitumaini kuyasikia maji ya uzazi yakichezacheza mtoto anapojigeuza. Maji hakuyasikia. Badala yake alisikia mapigo mepesi ya haraka, mfano wa mlio wa saa ya mfukoni. Alipoyahesabu akayakuta ni karibu mara mbili ya mapigo ya mshipa wa mama, akatambua kwamba ule ulikuwa moyo wa pili. Alipopeleka habari hizo mbele ya Akademia ya Tiba mwezi Desemba mwaka huo, aliuliza pia kama isingewezekana, kwa nguvu na kasi ya mapigo hayo, kutambua hali ya afya ya mtoto.

Swali hilo ndilo lililobaki likingoja mtu wa kulifanyia kazi kila siku, katika kila wodi, kwa kila mama. Miongoni mwa waliolibeba, jina la Pinard ndilo lililobaki midomoni mwa wakunga wa dunia nzima.

KUTOKA MÉRY-SUR-SEINE

Adolphe Pinard alizaliwa tarehe 4 Februari 1844 katika mji mdogo wa Méry-sur-Seine, mashariki ya Paris. Alikwenda Paris kusomea utabibu, akahitimu udaktari mwaka 1874. Mwalimu wake mkubwa katika mambo ya uzazi alikuwa Stéphane Tarnier, mtu aliyepambana maisha yake yote na homa ya uzazi. Zama zile mwanamke aliyejifungulia katika hospitali kubwa ya wazazi alikuwa katika hatari kuliko aliyejifungulia nyumbani, kwa kuwa mikono ya waganga na wauguzi ilihamisha sumu ya ugonjwa kutoka kitanda hadi kitanda. Tarnier alihimiza usafi na kuwatenga wagonjwa, na ndiye pia aliyeingiza mashine za kuwatunza kwa joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati.

Kutoka kwa mwalimu huyo Pinard alijifunza jambo moja kubwa, kwamba vifo vingi vya uzazi si amri isiyozuilika. Vina sababu, na sababu ikijulikana mapema yaweza kuzuiwa.

Mwaka 1878 alichapisha kitabu juu ya kupapasa tumbo la mjamzito. Hapo awali waganga wengi walingoja uchungu uanze ndipo wachunguze kwa ndani mtoto amekaaje. Pinard alionyesha kwamba viganja viwili vyenye mafunzo, vikipita juu ya tumbo kwa utulivu, vyaweza kujua kabla ya siku ile kichwa kiko wapi, mgongo umeelekea upande gani, na kama mtoto ametanguliza makalio. Alieleza pia namna ya kumgeuza mtoto kwa nje, taratibu, ili kichwa kielekee chini. Askari ataielewa mara moja maana ya mafundisho hayo: upelelezi hufanywa kabla ya mapambano, wala haungoji risasi ya kwanza.

Kuanzia mwaka 1890 aliongoza Kliniki ya Baudelocque mjini Paris, akawa profesa ambaye waganga na wakunga wa nchi nyingi walimjia kujifunza. Mwaka 1892 alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe wa Akademia ya Tiba.

PEMBE NA NAMNA YA KUITUMIA

Pembe aliyoitengeneza mwaka 1895 ni chombo chepesi sana kukitazama. Upande mmoja umepanuka mfano wa tarumbeta, nao huwekwa juu ya tumbo ili kuikusanya sauti. Upande wa pili una bamba bapa lenye tundu katikati, nalo hubandikwa sikioni na kuzizuia kelele za nje. Kati yake ni bomba tupu. Chombo cha namna hiyo hata seremala wa kijijini aweza kukichonga.

Walakini wepesi wa chombo usitudanganye, kwa maana ugumu uko kwa anayekitumia. Mkunga asiyejua kupapasa hatajua pembe aiweke wapi, kwa kuwa mapigo husikika vizuri zaidi pale mgongo wa mtoto ulipoegemea ukuta wa tumbo. Ndiyo sababu kitabu cha mwaka 1878 na pembe ya mwaka 1895 ni kazi moja: mkono huonyesha mahali, sikio huhakikisha. Aidha, mkunga hodari hushika mshipa wa mkono wa mama wakati huo huo anaposikiliza, asije akahesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto. Kosa hilo limepata kuwapa watu matumaini ya uongo.

Kwa pembe hiyo mapigo huanza kusikika baada ya wiki ya 18 hadi ya 20 ya mimba, na husikika vyema zaidi mimba inapokua. Moyo wa mtoto mwenye afya hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Wakati wa uchungu mkunga husikiliza kila baada ya dakika 15 hadi 30, na mama anapoanza kusukuma husikiliza kila baada ya dakika 5. Husikiliza hasa uchungu unapoachia, kwa kuwa mji wa mimba unapokaza damu inayomfikia mtoto hupungua, na mtoto aliyechoka hujulikana kwa moyo unaochelewa kurudi katika mwendo wake. Mapigo yakibaki chini ya 110, au yakibaki juu ya 160, mkunga amekwisha kupewa onyo. Kuanzia hapo kinachohesabiwa ni dakika.

MALEZI KABLA YA KUZALIWA

Wahenga wetu walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Pinard aliongeza kwamba kulea kwenyewe huanza kabla ya kuzaa. Katika mwaka ule ule wa 1895 alipeleka mbele ya Akademia hesabu alizokusanya kutokana na wanawake wa tabaka la wafanyakazi. Alilinganisha uzito wa watoto 500 ambao mama zao walifanya kazi ngumu hadi siku ya uchungu na uzito wa watoto wengine 500 ambao mama zao walipata mapumziko katika makao ya akina mama. Watoto wa waliopumzika walizidi wenzao kwa karibu gramu 300 kwa wastani.

Kwa macho ya leo hesabu hizo zaweza kukosolewa, kwani waliopumzika walipata pia chakula na paa. Lakini maana yake ilikuwa wazi: mwanamke aliyesimama kutwa nzima akifua nguo za watu au akibeba mizigo alikuwa akilipa kwa mwili wa mwanawe. Pinard aliipeleka hoja hiyo kwa wanasiasa, akahubiri mapumziko ya lazima kwa waja wazito. Mwezi Juni 1913 sheria ya Ufaransa ilitoa haki ya kupumzika kwa mama anayefanya kazi, pamoja na posho kwa wasiojiweza. Kadhalika alikwenda katika shule za msingi za Paris kuwafundisha wasichana namna ya kutunza watoto wachanga, na masomo hayo akayachapisha mwaka 1904.

MGANGA WAKATI WA VITA

Ufaransa ilikuwa imeshindwa na Ujerumani katika vita vya mwaka 1870 na 1871, na tangu hapo viongozi wake walihofu kwamba watoto wanaozaliwa ni wachache mno kwa taifa linalohitaji jeshi kubwa. Hofu hiyo ilimpa Pinard wasikilizaji ambao pengine wasingemsikiliza kwa huruma peke yake.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 alikuwa amefikisha miaka 70 na kustaafu kazi ya ualimu. Hata hivyo hakuketi. Alishirikiana na Paul Strauss kuanzisha ofisi kuu ya kuwasaidia akina mama na watoto wachanga mjini Paris, ili mjamzito ambaye mumewe yuko mstari wa mbele asikose mahali pa kulala wala pa kujifungulia.

Mwezi Desemba 1916, mwaka wa mapigano makubwa ya Verdun, alifanya jambo lililohitaji ushujaa wa namna yake. Viwanda vya silaha vilikuwa vimejaa wanawake, wengi wao waja wazito, wakisimama usiku na mchana kutengeneza makombora. Pinard alisimama mbele ya Akademia akadai kwamba wajawazito na wanaonyonyesha wasiajiriwe katika viwanda hivyo, na wapewe posho badala yake. Aliyasema hayo katika nchi ambayo jeshi lake lilidai makombora mengi zaidi kila siku. Hakushinda yote. Wenzake walichagua njia ya kati, ya kuwapa akina mama kazi nyepesi na saa chache. Lakini mjadala ulikuwa umefunguliwa, na mwezi Agosti 1917 sheria iliwapa akina mama viwandani muda wa kunyonyesha wakati wa kazi. Pinard hakuwa adui wa jeshi la nchi yake. Alichokataa ni taifa kuilinda mipaka yake kwa kuwaua walio tumboni.

Baada ya vita alichaguliwa kuwa mbunge wa Paris, akakaa bungeni kuanzia mwaka 1919 hadi 1928.

Si haki kueleza sifa za mtu na kuficha makosa yake. Katika kutaka watoto wenye afya Pinard alijiunga na wale walioamini kwamba taifa laweza kuchagua nani anafaa kuzaa. Alikuwa miongoni mwa waliounda chama cha imani hiyo nchini Ufaransa mwaka 1912, na mwaka 1926 alipendekeza bungeni kwamba wanaume wapimwe na mganga kabla ya kuruhusiwa kuoa. Pendekezo hilo halikupita. Katika nchi nyingine fikra za namna hiyo zilitumika baadaye kuwatesa na kuwaua watu wasio na hatia. Kumpima mama ili asaidiwe ni jambo jema. Kumpima mwanadamu ili aonekane kama anastahili kuzaa ni jambo jingine kabisa, na mganga huyu mkubwa hakuuona mpaka ulio kati ya mambo hayo mawili.

Alifariki dunia mwezi Machi 1934, akiwa na umri wa miaka 90.

PEMBE HIYO MJINI JUBA

Tangu afe, elimu imepiga hatua. Katika miaka ya 1960 vilianza kupatikana vyombo vya umeme vinavyotoa mapigo ya mtoto kwa sauti ya kusikika na wote chumbani. Karibu na Juba, nchini Uganda, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere walionyesha mwaka 2012 chombo kilichounganisha pembe ya Pinard na simu ya mkononi, wakakipa jina linalotokana na senga, yaani shangazi ambaye kwa mila za Waganda ndiye mshauri wa binti. Pamoja na hayo, mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotoa maagizo yake juu ya kumhudumia mama wakati wa kujifungua, lilikubali chombo cha umeme au pembe ya Pinard kwa kusikilizia moyo wa mtoto. Pembe haijastaafu.

Lakini pembe bila mkunga ni kipande cha mti tu. Uchunguzi wa kaya uliofanyika Sudan Kusini mwaka 2006, mara baada ya vita virefu, ulikadiria kwamba akina mama 2,054 walikufa kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Nchi ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, wakunga wenye mafunzo kamili walikuwa wachache mno kwa taifa zima. Chuo cha Uuguzi na Ukunga cha Juba kilikuwa kimefunguliwa mwaka 2010 kwa ajili ya pengo hilo. Kisha vita vikazuka mjini humo mwezi Desemba 2013, na mapigano yakarudi mwezi Julai 2016. Pembe yaweza kununuliwa kwa fedha kidogo; sikio lenye mafunzo hugharimu miaka, na amani ya kutosha ili mwanafunzi amalize masomo yake.

Hapa ndipo maisha ya Pinard yanapomgusa mwenye sare. Shirika la Afya Duniani liliagiza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara nane. Mume aliye kikosini aweza kumhimiza mkewe aende tangu miezi ya kwanza, na kumtumia nauli bila kungoja aombwe. Aweza kupanga na ndugu zake kwamba ndoo za maji na mizigo ya kuni visiwe juu ya kichwa cha mama katika miezi ya mwisho. Wote wawili wajue kwamba mama akiona damu, akiumwa kichwa kikali, akivimba uso, akipata kifafa, maji yakivunjika kabla ya wakati, au mtoto akipunguza kucheza, safari ya hospitali haingoji mapambazuko.

Na safari hiyo mara nyingi huwa ya usiku. Iko njia kutoka Gudele au Munuki kwenda hospitalini, na njiani kuna kizuizi, na kwenye kizuizi amesimama askari au polisi wa zamu. Katika gari au juu ya pikipiki yumo mama ambaye mkunga wake amesikiliza, akahesabu, akasikia moyo umeshuka chini ya 110 na haupandi. Mkunga amekwisha kutimiza wajibu wake. Kuanzia hapo dakika zilizobaki zimo mikononi mwa mwenye taa na bunduki.

Askari huyo hana pembe, wala hawezi kuusikia moyo ule. Aweza, hata hivyo, kumulika ndani ya gari mara moja, kuona aliyemo, kuinua kizuizi na kuwaarifu wenzake walioko mbele kwamba njia iachwe wazi. Kisha atarudi kusimama mahali pake na kuendelea kusikiliza usiku.